Gunia la mboga, kikapu cha kusuka au waya na betri: uanze na lipi?

Una Jumamosi iliyo wazi, una hela kidogo za kuchezea, na umechoka kununua kila kitu hadi jani la dania. Jirani yako wa Migosi ana magunia matatu ya sukuma wiki mlangoni. Shemeji yako kule Dunga anasuka vikapu vya gugumaji, lile gugu linaloelea ziwani. Binamu yako wa Nakuru amefufua redio ya babu, na siku hizi anazungumzia pampu itakayojiwasha yenyewe mchicha ukipata kiu. Yote matatu yanapendeza, ila huwezi kuyaanza yote mwezi mmoja na usiyaache njiani.

Ulinganisho huu ni wa mtu wa aina hiyo: anaishi Kisumu, Nakuru, Kakamega au miji ya karibu, nyumba yake ni ya kawaida, mara nyingi ya kupanga, na ana kazi au masomo mengine. Sizungumzii biashara. Ukipata wa kumuuzia kikapu au fungu la managu, shukuru. Lakini anayeanza kwa hesabu ya mauzo ana maswali mengine kabisa.

Vigezo vinne

Cha kwanza ni nafasi na ruhusa. Si suala la ukubwa wa mahali tu, bali pia ni pa nani, na nani anaweza kukuambia uondoe vitu vyako kufikia jioni.

Cha pili ni pesa na malighafi. Kuna pesa ya kuanzia, ambayo kila mtu huiuliza, na kuna kile kitu kinachoendelea kuliwa kila wiki, ambacho wengi hukikumbuka wakiwa wamechelewa.

Cha tatu ni kazi ya siku mbaya, na kwangu hiki ndicho kikubwa. Watu huchagua kwa kutazama matokeo: mboga zilizonona, kikapu kilichokamilika, taa iliyowaka. Matokeo huja mara moja baada ya wiki nyingi. Kazi yenyewe iko pale kila jioni. Jiulize ni kero ipi unayoweza kuibeba saa mbili usiku, matatu imekuchelewesha, stima imepotea na bado hujapika: kubeba maji, kurudia msuko uliopinda, au kutafuta waya uliolegea?

Cha nne ni kile kinachookolewa hasa. Pesa, makaa, maji, taka? Hapa pana maneno mengi mazuri ambayo hayahimili hesabu, kwa hiyo nitakuwa mkali kidogo kwa zote tatu.

Bustani ya nyumbani

Nafasi na ruhusa. Gunia la kilo 90 likisimamishwa halimalizi hata mita moja ya mraba, na pembeni mwake utachomeka miche kwenye matundu kuanzia chini hadi juu. Mboga za majani zinataka jua kwa muda wa saa nne hadi sita kila siku, kwa hiyo uchochoro kati ya kuta mbili za ghorofa haufai, hata ukiwa mpana. Katika ploti za Nyalenda na Manyatta kule Kisumu, au Kaptembwo na Bondeni kule Nakuru, ua ni wa wote. Zungumza na mwenye ploti au msimamizi kabla ya kuleta udongo, na uwaambie majirani maji yatakapochuruzikia. Tope likifika kwenye mlango wa mwenzako utakuwa na kesi ambayo hukuitafuta.

Kuna jambo ambalo wapangaji husahau: gunia lililojaa udongo na kumwagiliwa halibebeki. Ukihama, linabaki. Kama hujui mwaka ujao utakuwa wapi, tumia ndoo zilizopasuka au mitungi ya lita 20 iliyokatwa ubavu. Inachukua miche michache, lakini inapanda kwenye mkokoteni pamoja na kitanda.

Pesa na malighafi. Kuanza ni rahisi: gunia kuukuu, udongo, samadi iliyooza vizuri, mawe na mbegu. Mawe ni ya katikati. Unaweka kopo lililotolewa kitako, unalijaza mawe, unazungushia udongo uliochanganywa na samadi, kisha unalivuta kopo juu na kuanza upya mpaka gunia lijae. Ule mnara wa mawe ndio unaofikisha maji chini. Ukiuacha, miche ya juu italowa na ya chini itakauka, nawe utalaumu mbegu.

Udongo wenyewe hutofautiana sana katika eneo hili. Ule mweusi wa upande wa Kano, karibu na Kisumu, hushika maji kama sifongo, halafu kiangazi unapasuka. Uchanganye na mchanga na samadi. Wa Nakuru ni mwepesi, wenye majivu ya volkano, na maji hupita haraka. Unataka samadi zaidi na matandazo ya nyasi kavu juu. Hali ya hewa nayo ina sauti yake. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi yake huipendeza sukuma wiki, spinachi na kabichi. Kisumu iko mita 1,130 hivi, na joto lake hufanya dania itoe maua mapema, ilhali mrenda, saga, kunde na mchicha hustawi. Mtu wa Kisumu anayeng'ang'ania kabichi kwenye gunia kwa sababu ameiona kwa shangazi yake wa Njoro anajitafutia taabu.

Kinacholiwa kila siku ni maji. Siku ya jua kali gunia moja linaweza kunywa lita 10 hivi, yaani mtungi wa lita 20 kila siku mbili. Mwenye bomba au tangi la paa hatahisi. Anayenunua maji kwa mtungi afanye hesabu kwanza: bei ya mitungi mitatu au minne kwa wiki, kando yake bei ya mafungu ya mboga anayonunua. Mahali pengine gunia hushindwa, na si aibu. Maji yaliyosuuza mchele na mboga hupunguza mzigo, lakini yale ya sabuni ya unga yaweke mbali na majani utakayokula.

Kazi ya siku mbaya. Ni dakika chache tu asubuhi au jioni, lakini hazikubali kuahirishwa. Mmea haujui kwamba umechoka. Vidukari wakionekana chini ya majani lazima uwaoshe leo kwa maji yenye sabuni kidogo. Ukingoja Jumamosi utawakuta wamehamia gunia la pili. Kuku wa jirani nao hawaendi likizo. Na ukiitwa ushago kwenye matanga ya wiki nzima mwezi wa pili, bila mtu wa kumwagilia, utarudi kukuta vijiti.

Inaokoa nini? Mboga za majani, ambazo nyumba nyingi huzinunua karibu kila siku. Kunde na mrenda utaanza kuchuma baada ya wiki tatu hadi tano. Managu na saga hufuata. Sukuma wiki ngoja kama miezi miwili. Acha shina moja la saga lizae mbegu na hutanunua tena. Haiokoi unga wala mafuta, kwa hiyo usitarajie bajeti ya jikoni ikatwe nusu. Faida isiyosemwa sana ni taka. Sehemu kubwa ya taka za nyumba zetu ni maganda na mabaki ya chakula, na sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inataka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Mwenye bustani hufanya hivyo bila kusukumwa, kwa sababu maganda ya ndizi sasa ni mali yake.

Inamfaa mtu ambaye asubuhi na jioni yuko nyumbani, au anayeishi na nyanya au mtoto mkubwa anayependa kushughulika. Inamfaa pia asiye na subira ya kujifunza ufundi mgumu: mrenda humsamehe anayeanza.

Kazi za mikono

Hapa pana mambo mengi, kuanzia viatu vya akala hadi vitambaa vya makochi. Nitachukua matatu yanayopatikana kirahisi huku kwetu: kusuka gugumaji, kushona au kufuma kwa mabaki ya mitumba, na kikapu cha kupikia bila moto.

Nafasi na ruhusa. Kiti kimoja na mfuko wa kuwekea vifaa. Hakuna mwenye ploti atakayekukataza kufuma. Gugumaji peke yake ndilo linalodai mahali, kwa sababu mashina yake yamejaa maji na ni lazima yaanikwe juani kwa siku kadhaa, hata wiki, yakigeuzwa. Yakisukwa yakiwa na unyevu huota ukungu ndani ya kikapu, na harufu yake haitoki. Mvua za masika, Machi hadi Mei, huwa ni za kusuka yale uliyokwisha kuyakausha, kama ulikuwa na akili ya kuyaweka akiba.

Pesa na malighafi. Sindano ya kufumia, mkasi, uzi. Mafundi cherehani wa Kibuye, kama wenzao wa soko lolote, wana vipande ambavyo hawana kazi navyo; mwenye adabu na mfuko wake mwenyewe hupewa bure au kwa bei ndogo. Gugumaji nalo ziwani si la mtu, lakini kulitoa si bure. Maji ya ufukweni yana konokono wanaobeba kichocho, na kwenye vichaka vile viboko na nyoka hawaombi hodi. Nunua kwa wanaoingia ziwani kila siku. Kumbuka pia kwamba upepo ndio unaoamua: wiki hii ghuba ya Winam, ile ya Kisumu, imefunikwa kijani, wiki ijayo gugu lote limesukumwa upande mwingine.

Msomaji wa Nakuru asihangaike na gugumaji. Ziwa lake ni la magadi na gugu hilo haliishi humo. La karibu liko Naivasha, ambako maji si ya chumvi. Kwake mkonge na mitumba vina maana zaidi, na watu wa kumfundisha kusuka kiondo hawako mbali. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, mfuko imara wa kwenda nao sokoni si pambo tena.

Kazi ya siku mbaya. Katika hili kazi za mikono zinazishinda zile nyingine mbili, nalisema waziwazi. Unaiweka chini katikati ya mstari, unaenda matanga, unarudi baada ya siku nane na kuendelea ulipoachia. Inafanyika kwenye kikao cha chama, kwenye foleni ya hospitali, mgeni akiwa anazungumza. Stima ikipotea vidole vilivyozoea havijali sana.

Ugumu wake uko mwanzoni. Kikapu cha kwanza huinama, cha pili huinama upande mwingine. Video zinasaidia, lakini mkazo wa mkono haufundishwi na video. Kaa kando ya mtu anayejua, hata kama ni Jumapili mbili tu. Katika fuo za Kisumu na vijiji vyake kuna akina mama wanaosuka mikeka ya mafunjo na vikapu kwa vikundi, na wengi hawana shida na mwanafunzi anayekuja kwa heshima na asiyeuliza bei ya kila kitu kabla ya salamu. Mgongo na macho navyo vitalalamika. Usiketi saa nne mfululizo.

Inaokoa nini? Nianze na kile ambacho haiokoi: ziwa. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini, likaingia upande wetu wa Ziwa Victoria karibu na mwaka 1990, na likipata joto na maji machafu yenye rutuba huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Hakuna idadi ya vikapu itakayolimaliza. Suka kwa sababu ni malighafi nzuri iliyo karibu, si kwa kudhani unaisafisha ghuba.

Tena, kikapu cha tano ambacho hakina mtu wa kukitumia ni taka iliyosukwa vizuri. Huu ndio ugonjwa wa kazi za mikono: mkono hupenda kuendelea hata mahitaji yakiisha, na kabati hujaa. Kabla ya kuanza kitu, taja nani atakitumia na kitachukua nafasi ya nini.

Ndiyo maana kati ya yale matatu nakipa uzito kikapu cha kupikia bila moto. Chukua kikapu kikubwa au katoni imara, ushone mito minene ya mabaki ya mitumba: mmoja wa chini, wa kuzunguka, na wa kufunika juu. Sufuria yenye kifuniko kinachobana ikichemka unaitoa motoni na kuizika humo. Chakula kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe. Mchele unauchemsha kwa dakika chache na kuuacha kama saa moja. Githeri inataka nafaka na maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha, kisha saa kadhaa kikapuni. Angalizo moja halina mjadala: maharagwe mekundu lazima kwanza yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi, kwa kuwa yana sumu ya asili ambayo joto la wastani haliiondoi. Na sufuria ikikaa muda mrefu, irudishe motoni ichemke kabla ya kupakua. Mtu anayepika kwa makaa ataona gunia lake la makaa likichelewa kuisha. Sijui kazi nyingine ya sindano inayolipa hivyo.

Kazi za mikono zinamfaa mwenye ratiba iliyovunjikavunjika, mpangaji wa chumba kimoja, na mtu anayependa kukaa na watu. Hazimfai anayetaka kuona matokeo wiki hii.

Teknolojia ya kujifurahisha

Nafasi na ruhusa. Meza moja, taa nzuri, dirisha lililo wazi kwa ajili ya moshi wa kulehemu (kuunganisha waya kwa bati linaloyeyushwa), na sanduku linalofungwa kwa kufuli kama kuna watoto. Kwenye nyaya za ukutani na mita ya stima usiguse. Hizo ni za mwenye nyumba na fundi mwenye leseni. Paneli juu ya paa la mabati nayo ni ya kuombewa ruhusa, kwa kuwa tundu moja la msumari likivujisha maji utalijua wewe.

Pesa na malighafi. Multimita ya kawaida, kifaa cha kupimia umeme, hupatikana kwa mia chache, chuma cha kulehemu vivyo hivyo. Bodi ndogo za kuprogramu ni ghali zaidi. Arduino, iliyoanzia Italia mwaka 2005, michoro yake iko wazi kwa yeyote, ndiyo maana nakala zake zimejaa na bei yake huwa kati ya elfu moja na elfu mbili. Vipuri vingi hutoka Luthuli Avenue, Nairobi, na kusafirishwa kama mzigo. Weka hesabu ya nauli, na ya siku za kungoja kipuri cha shilingi 20.

Malighafi bora, hata hivyo, ni mizoga: redio zilizokufa, spika, tochi, feni. Kila nyumba ina droo yake. Mafundi wa simu nao wana maboksi ya bodi ambazo watakupa ukiwazoea. Lakini si kila mzoga ni wa kufunguliwa. Televisheni za zamani zile za kisogo huhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Betri za lithiamu za laptopu, ambazo watu hupenda kuziunganisha upya, kila seli ina wastani wa volti 3.7 na haipaswi kupita 4.2; bila bodi ya kuzilinda zinaweza kushika moto usiku mmelala. Anayeanza abaki kwenye volti 12 kushuka chini, na kwenye vitu vinavyotumia betri za kawaida.

Kazi ya siku mbaya. Hakuna kinachokufa kwa kiu. Redio iliyo wazi mezani itakungoja hata mwezi. Ila ikikuita inakutaka wote: huwezi kutafuta kosa kwenye bodi huku unakoroga ugali. Ni saa mbili za utulivu, na mara nyingi mwisho wake ni kugundua kwamba waya ulikuwa umelegea tangu mwanzo. Wapo wanaofurahia hilo, na wapo wanaolitupa dirishani. Kisumu pia ina unyevu unaoleta kutu kwenye viungo, na Nakuru ina vumbi la Januari hadi Machi linaloingia kila tundu. Funika kazi yako.

Mafunzo yapo. Kisumu kuna LakeHub, mahali ambapo vijana wa teknolojia hukutana, na eneo zima lina vyuo vya ufundi. Lakini ningesema mwalimu wa kwanza ni fundi wa redio wa mtaani, yule mwenye kibanda cha mabati. Mpelekee kazi, kisha omba kutazama.

Inaokoa nini? Hapa ndipo maneno mazuri yanapozidi hesabu. Stima ya Kenya kwa sehemu kubwa tayari inatokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Mitambo ya Olkaria, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 1981, iko ndani ya kaunti hiyohiyo ya Nakuru. Kwa hiyo mtu wa mtaa wa Section 58, Nakuru, mwenye stima anayenunua paneli, betri na bodi mpya ili achaji simu hajaiokoa dunia sana. Amenunua darasa, na ni darasa zuri, mradi alijue hivyo. Kwa nyumba ya kijijini inayowasha koroboi mambo ni tofauti kabisa: paneli ya wati 10 au 20 inaondoa moshi, gharama ya mafuta ya taa na hatari ya moto kwa mkupuo mmoja.

Panapookolewa hasa ni kwenye ukarabati. Kila redio, pasi au feni inayorudi kazini ni kitu kimoja kisichonunuliwa na kimoja kisichotupwa. Ningempa heshima zaidi mtu aliyefufua feni tatu za majirani kuliko aliyetengeneza roboti moja ya kupigia picha.

Na ile pampu ya binamu? Kwa gunia moja ni fahari tu. Chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko na kupinduliwa kwenye udongo inafanya kazi hiyohiyo bila betri. Pampu inaanza kuwa na maana ukiwa na tangi na magunia kumi, au ukisafiri mara kwa mara. Ukifika huko, nunua kihisi cha unyevu cha aina ya kapasita, kilichofunikwa. Vile vya miguu miwili ya chuma iliyo wazi ni vya bei ya chini, lakini umeme unapopita kwenye udongo wenye maji huila ile miguu, na baada ya muda vitaanza kukudanganya kwamba udongo ni mkavu.

Inamfaa mtu mwenye subira na usiku tulivu, anayesafiri kikazi, au kijana anayefikiria ufundi kama njia ya maisha. Haimfai mwenye mtoto anayetambaa na meza isiyofungika.

Kulingana na hali yako

Chumba kimoja ghorofani Kondele, Kisumu, maji ya kununua: anza na kikapu cha kupikia bila moto, kisha mfuko wa sokoni. Kama roho inakusukuma kwenye kijani, kopo la dania dirishani linatosha kwa sasa. Gunia litakula pesa yako ya maji.

Nyumba yenye kiwanja Kiamunyi au Lanet kule Nakuru, au viungani mwa Kakamega, na mabati yanayoweza kukinga mvua: bustani, bila kusita sana. Kakamega mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na tatizo lako litakuwa maji kutuama kuliko ukame. Inua vitanda vya udongo. Nakuru, nunua tangi kabla ya kuongeza gunia la tatu.

Unafanya kazi za zamu, au gari lako ndilo nyumba yako: mikono au waya, kutegemea kama muda wako huja kwa dakika kumi kumi au kwa usiku mzima. Dakika kumi ni za kufuma. Usiku mzima ni wa redio.

Mnaishi na wazee na watoto wadogo: bustani ndiyo inayowapa wote kitu cha kufanya, na nyanya atakurekebisha kuhusu saga kabla hujakosea. Kusuka kunafaa pia. Chuma cha kulehemu kingoje wakue.

Kijana aliyemaliza kidato cha nne na hajui anaelekea wapi: ukarabati, kwa miezi michache, kando ya fundi. Hata usipoipenda kazi hiyo, utakuwa umejifunza kupima umeme bila woga na bila upumbavu.

Ushago bila stima: shamba tayari unalo, kwa hiyo usidanganyike na bustani ya gunia inayopendeza kwenye simu. Anza na taa ya sola, ya kununua iliyokamilika kama hujui kulehemu, halafu ujifunze kwa kuitunza.

Na kama bado hujui, jaribu kazi zenyewe kabla ya kununua vifaa. Kwa wiki mbili weka mche mmoja wa sukuma kwenye kopo na uumwagilie kila jioni. Katika wiki hizohizo pinda kamba ya vipande vya mitumba, urefu wa mkono mmoja kila ukikaa chini. Fungua redio moja ya betri iliyokufa, uichore ilivyo ndani, kisha uirudishe bila skrubu kubaki. Wiki ya pili ikiisha tazama ni ipi ambayo hukuhitaji kukumbushwa, na pesa yako ya kwanza iende huko.